Usilisadiki tumbo la mtoto wa paka

Nenda Feri, Dar es Salaam, asubuhi boti zikiwa zimeshashusha, uwatazame watoto wa paka wanaozengea miguuni pa wapaa samaki. Kila mmoja ana tumbo. Tumbo la duara, limevimba pande zote mbili, ngozi imevutika hadi unaiona chini ya manyoya. Mpita njia husema hawa wameshiba, na wataachaje kushiba wakati wamezungukwa na matumbo ya changu na vichwa vya vibua? Sasa mwinue mmoja, umkalishe kwenye kiganja, umpapase mgongoni kwa kidole gumba. Utakutana na uti wa mgongo uliosimama, pingili moja baada ya nyingine, na mifupa ya nyonga iliyochongoka. Huyo hajashiba. Ana njaa, na kilichomjaa tumboni mara nyingi ni minyoo.

Kulisadiki tumbo hakuishii sokoni. Majumbani mwetu ndicho kipimo cha kwanza na pengine cha mwisho cha afya ya paka mdogo. Akiwa nalo, tunasema kanawiri. Akiwa hana, tunasema paka wa kwetu ndivyo walivyo, wembamba wa asili. Kauli ya pili ina ukweli ndani yake, nitaifikia, lakini hutamkwa mapema mno, kabla mtu hajamshika mnyama wala kumpima. Na si kwamba hatuwajali. Waislamu wa Pwani wamekua wakisikia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache akajitafutie. Kumtupia paka kitu cha kula tunakujua tangu utotoni. Kujua kama hicho anachokula kinamjenga ndiko kunakotupiga chenga.

Tuanze na namba, kwa sababu zipo na si za siri. Mtoto wa paka huzaliwa akiwa na gramu 90 hadi 110 hivi. Kutoka hapo anapaswa kuongezeka gramu 10 hadi 15 kila siku, na kufikia siku ya 10 awe karibu na mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Wiki ya 4 huwa anakaribia gramu 400. Wiki ya 8 yuko kati ya gramu 700 na 900. Miezi 3 anatakiwa awe amevuka kilo 1 bila wasiwasi, na miezi 6 wengi huwa kati ya kilo 2 na nusu na 3, madume wakiwatangulia majike. Baada ya hapo mwendo hupungua. Kwenye umri wa miezi 6 paka huwa ameshafikisha kama robo tatu ya uzito wake wa utu uzima, na robo iliyobaki huijaza taratibu mpaka mwaka wake wa kwanza, wakati mwingine hata baada ya hapo.

Kwenye makao ya paka ya Marekani hutumika kanuni ya haraka: gramu 450 kwa kila mwezi wa umri, mpaka mwezi wa 4 au wa 5. Mwezi mmoja gramu 450, miezi miwili gramu 900, na kuendelea. Kanuni hii ni nzuri kwa mtu mwenye haraka. Ubaya wake ni kwamba imetokana na watoto waliozaliwa na mama wanaolishwa, na mama wa paka wa mtaani Tandika au Majengo hajawahi kuletewa sahani. Mtoto wake akiwa chini kidogo ya kanuni hajawa mgonjwa kwa hilo peke yake. Akiwa nusu ya kanuni, hapo kuna neno.

Ila kuna mtego, nao unawanasa hata wazoefu. Paka wengi wanaoingia majumbani kwetu hawana tarehe ya kuzaliwa. Wameokotwa mtaroni, wamefuatana na mtoto wa shule, au wamesikika wakilia juu ya dari. Kwa hiyo mtu humtazama, akamwona mdogo, akasema huyu ana wiki 6. Kisha anampima, anakuta uzito wa wiki 6, anafurahi. Amekisia umri kwa umbo, halafu akathibitisha umbo kwa umri huo huo! Mtoto wa miezi 3 aliyedumaa hupita kwenye tundu hilo akiwa amepewa cheti cha afya.

Dawa ya mtego huo iko mdomoni mwa paka. Mpanue midomo kwa upole, utazame meno, kwa sababu njaa haiwezi kuyarudisha nyuma sana. Meno madogo ya mbele huchomoza kati ya wiki ya 2 na ya 4, chonge huja karibu na wiki ya 4, na magego ya maziwa hukamilika wiki ya 6 hivi. Akiwa na miezi 3 na nusu hadi 4, meno ya mbele ya maziwa huanza kung'oka na makubwa kushika nafasi. Chonge za utu uzima huja karibu na mwezi wa 5, na kuna siku chache ambazo utaona chonge mbili upande mmoja, ya zamani na mpya, zimesimama pamoja. Macho nayo husema. Hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, yakiwa na rangi ya buluu kwa kila mtoto, na rangi yake halisi huanza kujitokeza wiki ya 6 au ya 7. Ukiona paka wa gramu 600 mwenye macho ya kijani na meno ya mbele ya maziwa yameanza kung'oka, acha kumwita mchanga. Ana umri wake, ila mwili umebaki nyuma.

Sasa mizani. Mizani ya kupimia watu haifai kwa kazi hii. Inakosea gramu 100 au 200 bila haya, na hizo ndizo anazotakiwa kuongeza kwa wiki nzima au mbili. Inayofaa ni ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, inayosoma gramu moja moja. Weka bakuli juu yake, irudishe kwenye sifuri, mtie paka ndani ya bakuli, subiri atulie. Hatatulia. Funika bakuli nusu kwa kitambaa, wengi hunyamaza gizani. Mpime saa ile ile, kabla ya mlo, maana mtoto wa gramu 500 akila vizuri anabeba gramu 30 ambazo si nyama yake.

Asiye na mizani ya jikoni ana jirani mwenye duka. Mtaani kwangu nilimfuata Mangi nikiwa na paka kwenye kikapu, mtoto wa paka wa jirani, ambaye kila mtu alimsifia kwa unene.

"Mangi, nipimie huyu."

"Dada, hapa tunapima mchele."

"Mpime kama mchele, ila usimtie kwenye mfuko."

Alicheka, akatandika gazeti juu ya mizani. Gramu 640. Jirani alikumbuka kwamba mama wa paka huyo alizaa kabla ya Idi kidogo, na tulipohesabu tukapata mtoto ana wiki 10 na ushee, umri wa kuikaribia kilo moja au kuivuka. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri mafuta ya taa akauliza swali ambalo ndilo makala hii nzima: "Mbona tumbo lote hilo halina uzito?"

Halina, kwa sababu misuli na mifupa ndiyo yenye uzito, na hivyo ndivyo alivyovikosa.

Namba moja, hata hivyo, haitoshi kumhukumu. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya Waltham na wenzao walichapisha chati za ukuaji wa watoto wa paka, zilizotokana na kumbukumbu za uzito za paka wa kawaida wa manyoya mafupi nchini Marekani, madume na chati yao na majike na yao. Mama yeyote wa Tanzania akiziona atazitambua mara moja, maana ni kadi ya kliniki. Kuna mistari kadhaa iliyopinda kwenda juu, ya wadogo chini, ya wakubwa juu, na kila mtoto hupanda na mstari wake. Muuguzi wa kliniki haogopeshwi na mtoto mdogo anayeufuata mstari wake mdogo mwezi hadi mwezi. Anachokodolea macho ni yule aliyekuwa mstari wa katikati akaanza kulala, akavuka wa chini yake, akauvuka na mwingine. Kwa paka ni hivyo hivyo. Nisingependa mtu achukue chati ya paka wa Marekani akamhukumu nayo paka wa Tanga kwa nukta moja, lakini mwelekeo wa mstari unasomeka popote.

Kwa hiyo andika. Tarehe na gramu, nyuma ya kalenda ukutani inatosha. Mtoto anayenyonya apimwe kila siku, kwa sababu kwake siku moja ni ndefu. Kupungua kidogo ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa kunavumilika, lakini baada ya hapo mtoto mchanga ambaye hajaongeza chochote kwa siku nzima yuko hatarini, na anayepungua anahitaji msaada siku hiyo hiyo. Kutoka wiki ya 4 hadi miezi 6, mara moja kwa wiki inatosha.

Tukitoka kwenye mizani tunarudi kwenye mkono, na hapa ndipo ninaposimama upande wa wazee. Fundi wa mifugo aliyelelewa zizini humshika mnyama kabla ya kusema lolote. Madaktari wa wanyama nao wana mfumo wao wa kushika, wenye alama 1 hadi 9, ambapo 1 ni mifupa mitupu, 9 ni unene wa kupitiliza, na 5 ndiyo hali njema. Kwa paka ulianza kutumika miaka ya 1990, na leo ndio unaotumika kliniki nyingi duniani. Hauhitaji kifaa.

Kunja ngumi, kisha pitisha kidole juu ya vifundo vya vidole vyako. Mbavu za paka zikihisika hivyo, amekonda. Sasa kunjua mkono, upapase kiganja chini ya vidole, penye nyama. Mbavu ukizitafuta kwa shida namna hiyo, amenenepa. Geuza mkono huo ulionyooka, upapase mgongo wake, mifupa ikiwa chini ya ngozi nyembamba, ipo lakini haichomi. Hapo ndipo mbavu za paka mwenye afya zinapotakiwa kuwa. Fanya hivyo ubavuni kwa vidole vilivyolala, bila kubonyeza. Kisha nenda mgongoni, na mwisho kwenye nyonga, juu ya mkia. Mgongoni ndiko ninakokuamini zaidi. Misuli ya pande mbili za uti ndiyo ya kwanza kuliwa mwili unapokosa chakula, na hakuna kinachoweza kujifanya misuli mahali hapo. Mwisho simama juu yake umtazame kwa juu. Nyuma ya mbavu pawe na kiuno kidogo. Kwa mtoto wa chini ya wiki 8 kiuno bado hakijajichora vizuri, usikitafute kwa nguvu.

Paka wetu wengi wana manyoya mafupi, hivyo macho husaidia kuliko kwa wale wa Kiajemi wanaofugwa kwa ajili ya picha. Tumia mikono hata hivyo.

Turudi kwenye minyoo, kwa sababu hii ndiyo habari yenyewe. Minyoo ya duara ya paka haisubiri mtoto aanze kula uchafu. Hukaa imelala kwenye misuli ya mama, na anapozaa huamka, ikapita kwenye maziwa na kuingia kwa mtoto anaponyonya. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa kabatini, juu ya kanga safi, asiyewahi kukanyaga mchanga, huwa nayo. Ikikomaa ndani ya utumbo hunywa kilichokusudiwa kumkuza. Mtoto anakula sana, tumbo linajaa gesi na minyoo, mwili unabaki na makombo. Manyoya yanakuwa makavu na yamesimama, anaharisha, wakati mwingine anatapika mnyoo mrefu mweupe ambao familia nzima huja kuutazama. Mayai yake hukaa ardhini muda mrefu na yanaweza kumwingia binadamu pia, hasa watoto wanaocheza mchangani na kutia vidole mdomoni. Tegu ni hadithi nyingine. Wengi wao huletwa na viroboto ambao paka huwameza anapojiramba, na vipande vyao vikavu, ukubwa wa punje ya mchele, utavikuta mkunduni au kwenye tandiko. Anayelaumu tumbo la paka bila kuwatazama viroboto atatoa dawa leo na kuirudia mwezi ujao.

Viroboto wenyewe wanaua. Mtoto wa gramu 500 hana damu ya kugawa, na wakiwa wengi humnyonya mpaka fizi zinakuwa nyeupe. Inua mdomo uangalie. Fizi zinatakiwa ziwe za waridi.

Ratiba ya dawa ya minyoo inayopendekezwa na wataalamu huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Huanza wiki ya 3, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka baada ya kuachishwa ziwa, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Mama anayenyonyesha naye apewe. Na hapa mizani inarudi kwa sababu isiyo ya ukuaji. Dozi hupimwa kwa uzito. Kidonge kilichotengenezwa kwa mbwa wa kilo 10 hakigawanyiki kwa kisu cha jikoni kikamtosha sawasawa paka wa gramu 640. Chukua ya maji, iliyopimwa na daktari kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Niseme jambo moja nje ya mstari, maana nimeliona mno. Dawa za viroboto na kupe za kuogeshea ng'ombe na mbwa zisimguse paka. Baadhi zina permethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Atatetemeka, atapata degedege, na anaweza kufa siku hiyo. Parasetamoli nayo, hata kidonge kimoja kinaweza kumuua paka mzima. Mwenye kumpa hufanya hivyo kwa huruma, akimwona ana homa.

Yule wa dukani kwa Mangi alipewa dawa ya minyoo ya maji. Alipopimwa tena alikuwa mwepesi zaidi, jambo lililomshtua jirani, lakini lilitegemewa: tumbo lilikuwa limeshuka. Wiki zilizofuata mstari ukaanza kupanda, na mgongoni vidole vikaanza kupata nyama.

Chakula, sasa. Kwa kila kilo ya mwili wake, mtoto wa paka wa wiki 10 anahitaji nguvu zaidi ya mara mbili ya anazohitaji paka mzima, na tumbo lake halibebi mengi kwa mara moja. Kumpa mlo mmoja mkubwa jioni, tunapomaliza kula sisi, ni kumnyima. Mara 4 kwa siku mpaka miezi 3 au 4, kisha mara 3 hadi miezi 6. Sahani inaweza kuwa ndogo, ila irudi.

Ndani ya sahani ndipo penye ubishi. Ugali uliolowekwa mchuzi wa samaki ndio chakula cha paka katika nyumba nyingi, na utamjaza. Paka ni mla nyama kwa maumbile, hana hiari. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki, hakipo kwenye mahindi. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka anayekikosa huharibika macho kwa ndani hadi upofu. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kwamba moyo wake nao hutanuka na kudhoofu, na kwamba wengi wanaweza kupona wakipewa taurini mapema. Tangu hapo viwanda vya chakula cha paka vikaongeza kiasi chake. Jikoni mwetu kuna njia rahisi zaidi: taurini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ukichemsha dagaa au utumbo wa kuku, mpe na supu yake.

Dagaa wanastahili sifa kuliko wanayopata. Wanaliwa wazima, na mifupa yao, na mifupa hiyo ndiyo chokaa ya mifupa ya paka. Mtu mwenye nacho anayemlisha mtoto wa paka minofu mitupu, akidhani anamdekeza, anamfanyia ubaya: nyama bila mifupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili hulipa pengo hilo kwa kuikwangua mifupa yake wenyewe. Mtoto huyo anaweza kuwa na uzito mzuri kabisa kwenye mizani, huku miguu ikivunjika kwa kuruka kutoka kitandani. Ni mfano wa wazi wa namba njema inayoficha ubaya. Dagaa wa baharini waliochemshwa kwa chumvi waloweke na kumwaga maji ya kwanza kabla ya kuwapika, wa Ziwa Victoria waoshe mchanga. Maini mpe kidogo kidogo, kwa kuwa vitamini A iliyozidi hukakamaza viungo na shingo. Mchuzi wenye vitunguu usimpe, huharibu chembe za damu.

Na maziwa. Maziwa ya paka yana protini zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe. Mtoto asiye na mama anayenyweshwa ya ng'ombe peke yake hujaa maji, huharisha, na uzito hubaki pale pale. Kwa yatima tafuta maziwa maalumu ya watoto wa paka, na unapomnywesha awe amelalia tumbo kama anavyonyonya, asilazwe chali, la sivyo maziwa yataingia mapafuni. Akishaacha ziwa hahitaji maziwa ya aina yoyote. Anahitaji maji.

Sasa ile kauli ya wembamba wa asili. Inayo haki yake, na ushahidi wake mzuri unatoka Kilifi. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke yupo paka ambaye Wagiriama wamemjua kwa muda mrefu, mwenye mabaka ya rangi ya gome la mti. Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa eneo la Watamu, aliwakuta watoto wa paka huyo akaanza kuwafuga, na mwaka 1984 wengine wakapelekwa Denmark, ambako wafugaji waliwakuza mpaka aina hiyo ikatambuliwa rasmi Ulaya kwa jina la Sokoke. Ni paka mwembamba, mrefu wa miguu, ya nyuma ikiwa mirefu kuliko ya mbele. Ukimweka kando ya paka mnene wa Uingereza utadhani ana njaa, naye ni mzima kabisa.

Lakini mpapase huyo Sokoke mgongoni. Utakuta misuli. Ni mwembamba kama mkimbiaji wa Eldoret alivyo mwembamba, na hapo ndipo kauli yetu inapojaribiwa. Wembamba wa asili una misuli migumu, manyoya yanayong'aa, macho safi, mtoto anayecheza mpaka anakera. Wembamba wa njaa una ngozi inayochelewa kurudi ukiivuta shingoni, manyoya yaliyosimama na usingizi mwingi. Mtu akikwambia paka wake ni mwembamba wa asili, muulize kama ameshashika mgongo wake.

Unene upo pia, usidhani hauji huku. Ghorofani Masaki au Kileleshwa, ambako bakuli la biskuti za paka halikauki na mnyama hatoki nje, mtoto wa miezi 7 anaweza kuwa ameshapoteza kiuno. Mara nyingi hutokea baada ya kuhasiwa au kufungwa kizazi. Si sababu ya kuacha kufanya hivyo. Jike anaweza kushika mimba akiwa bado mtoto wa miezi 4 au 5, na mimba hiyo ndiyo itakayomdumaza kweli. Kinachotakiwa ni kujua kwamba baada ya upasuaji mahitaji yake ya nguvu hushuka kwa karibu robo, wakati hamu ya kula inapanda. Chakula kipimwe kuanzia wiki hiyo hiyo, na mbavu zishikwe kila mwezi. Kiasi cha ngozi inayoning'inia chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, ni maumbile ya paka anayekua na hata wembamba huwa nayo, usimfungie chakula kwa ajili hiyo.

Lini uende kwa daktari? Uzito ukisimama wiki nzima kwa mtoto wa chini ya miezi 4, nenda. Ukishuka mara mbili mfululizo, nenda. Akikataa chakula siku moja huku anatapika au anaharisha, usingoje kesho, maana kuna ugonjwa wa virusi unaowamaliza watoto wa paka kwa siku chache, na chanjo yake hutolewa kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize miezi 4. Ya kichaa cha mbwa hufuata akiwa na miezi 3.

Daktari wa mifugo wa kata yako huenda amezoea ng'ombe, ambaye uzito wake hukadiriwa kwa mkanda wa kuzungushia kifuani. Mkanda wa paka hakuna. Ukimpigia simu, kabla hajauliza, mtajie gramu za leo, gramu za wiki iliyopita, meno yaliyopo na rangi ya fizi. Asilimia kubwa ya kazi yake itakuwa imeshafanyika, na dozi ataihesabu ukiwa bado hewani.